Mzee Evaristo Muyinda, Mpiga Amadinda wa Kabaka

Wengi wetu tumepata kusikia, hata kama ni katika redio tu, bendi kubwa za Ulaya ziitwazo okestra. Humo wamo watu themanini au mia, na kila mmoja ana kiti chake na chombo chake. Mmoja hupuliza basuni, yaani filimbi ndefu ya mbao yenye sauti nene, na hiyo ndiyo kazi yake maisha yake yote. Hujifunza tangu ujana, hupewa mshahara, huoa na kusomesha watoto kwa basuni ile, na anapozeeka humwachia kijana mwingine kiti chake. Tukisikia hayo twastaajabu, na pengine twasema kwamba kwetu Afrika muziki ulikuwa mchezo wa jioni tu, baada ya kazi za shamba.

Maneno hayo si kweli, na hasa si kweli katika mji wetu huu wa Kampala. Juu ya kilima cha Mengo, ndani ya Lubiri, yaani boma la Kabaka wa Buganda, walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa muziki. Kila mmoja alikuwa na mahali pake, chombo chake na zamu yake, na hakuruhusiwa kukosea. Katika makala hii nataka kuwasimulia habari za mmoja wao, Mzee Evaristo Muyinda, aliyefariki mwaka 1993. Jina lake lajulikana Vienna na London katika vyuo vya muziki, lakini nimeona kwamba wanafunzi wengi wa Kampala hawalijui, nao hupita kila siku katika barabara ileile aliyofanyia kazi.

MUZIKI WA LUBIRI

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani. Kabaka hakuwa na kundi moja la wapigaji. Alikuwa na makundi mengi, na kila kundi lilikuwa na chombo chake na heshima yake.

Walikuwako abalere, wapigaji wa filimbi ziitwazo endere. Walikuwako abadongo, wapigaji wa endongo, chombo cha nyuzi chenye ngozi ya kenge. Alikuwako mpiga ennanga, yaani kinubi cha nyuzi nane, aliyeimba peke yake kwa sauti ya chini mbele ya mfalme. Walikuwako abakondere, waliopuliza baragumu za vibuyu. Hawa walikuwa na utaratibu wa ajabu: kila baragumu hutoa sauti yake moja tu, na kila mpulizaji hana budi kungoja mpaka nafasi yake ifike, ndipo apulize. Wimbo mzima hutoka kwa watu wote pamoja, wala hakuna hata mmoja awezaye kuupiga peke yake.

Tena kulikuwako entenga, nazo ni ngoma kumi na tano zilizopangwa kwa safu. Kumi na mbili kati yake zilipatanishwa sauti kama marimba, zikapigwa na watu wanne. Tatu kubwa zaidi zilipigwa na watu wawili. Ngoma hizi zilikuwa za Kabaka peke yake, wala mtu mwingine hakuwa na ruhusa ya kuwa nazo.

Mwisho kulikuwako marimba za namna mbili. Ile kubwa ilikuwa akadinda, yenye vibao 22 katika Lubiri. Ya pili ni amadinda, yenye vibao 12, ambayo hupigwa na watu watatu. Vibao hukatwa katika mti uitwao lusambya, hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba, na vijiti huchomekwa kati yake ili visigongane.

Kazi hizi zilirithiwa katika nyumba na vijiji fulani. Baba alimfundisha mwana, mjomba alimfundisha mpwa. Zamani watumishi wa namna hii walipewa ardhi na mfalme, wakaishi juu yake na kuja Mengo kwa zamu. Kwa hiyo ujuzi wao ulikuwa mali, nao waliulinda kama mtu alindavyo shamba lake. Neno hili nawaomba mlikumbuke, maana ndilo litakaloonyesha ukubwa wa jambo alilolifanya Mzee Muyinda.

UJANA WAKE NA CHOMBO CHAKE

Evaristo Muyinda alizaliwa katika nchi ya Buganda katika miaka ya 1910, wakati Kabaka Daudi Chwa wa pili alipokuwa akitawala. Jina la Evaristo ni la mtakatifu mmoja aliyekuwa Papa zamani za kale, na Muyinda ni jina la Kiganda. Alikua katika wakati wa mabadiliko makubwa. Reli ilikuwa ikiletwa karibu na Kampala, shule za misheni zilikuwa zikijengwa kila upande, na vijana wenye akili walitazamiwa kuwa makarani, makatekista au waalimu. Katika makanisa, ngoma na marimba zilihesabiwa kuwa mambo ya kale, na watoto walifundishwa nyimbo za Ulaya kwa kinanda.

Kijana huyu alichagua njia nyingine. Alijifunza marimba mpaka akawa bingwa, na zaidi ya marimba alijua filimbi, zeze la uzi mmoja liitwalo endingidi, ngoma na vyombo vingine. Katika zama za Kabaka Edward Mutesa wa pili, aliyeanza kutawala mwaka 1939, Muyinda alikuwa mmoja wa wapigaji wa Kabaka.

Nataka kueleza kidogo jinsi amadinda inavyopigwa, maana asiyejua jambo hili hawezi kufahamu kwa nini wageni walitoka mbali kuja kumtafuta mtu huyu.

Watu wawili huketi wakitazamana, mmoja upande huu wa vibao na mwenzake upande ule. Wa kwanza huitwa omunazi. Yeye huanza, na hupiga mapigo yaliyo sawasawa, bila kuharakisha wala kukawia. Kila mkono una kijiti chake, na mikono yote miwili hupiga sauti ileile, mmoja chini na mmoja juu. Wa pili huitwa omwawuzi, maana yake mgawanyaji. Yeye huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo katika nafasi tupu. Omunazi apiga, omwawuzi apiga, omunazi apiga, omwawuzi apiga, mpaka mapigo yao pamoja yafikia mia tano au zaidi kwa dakika moja. Hakuna mkono wa mtu mmoja uwezao kufanya hivyo.

Wa tatu huitwa omukoonezi, naye ana vibao viwili tu, vile vidogo vya mwisho. Mtu asiyejua hudhani kwamba huyu ana kazi nyepesi kuliko wote. Kumbe sivyo! Huyu hana budi kusikiliza yale yanayotoka kwa wenzake wawili, na kila mara sauti inapoangukia mojawapo ya vibao viwili vya chini kabisa, yeye huijibu juu kwa vibao vyake. Wimbo wake haumo katika mkono wa omunazi wala katika mkono wa omwawuzi. Umo katika mchanganyiko wao, na sharti autafute kwa masikio.

Jambo gumu zaidi ni hili. Mgeni anapoanza kujifunza kuwa omwawuzi, hudhani kwamba mapigo ya mwenzake ndiyo mapigo ya kweli, na yake ni ya kujazia tu. Akifikiri hivyo hupotea upesi. Mpigaji halisi huyasikia mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo msingi, na mwenzake naye huyasikia ya kwake kuwa ndiyo msingi, na wote wawili ni kweli. Kila mmoja husimama imara mahali pake, na kwa njia hiyo hupatana.

Tena nyimbo zote za amadinda zina maneno. Luganda ni lugha ambayo sauti ya neno hupanda na kushuka, na ukiibadili sauti waweza kubadili maana. Kwa sababu hiyo mtunzi hufuata mwendo wa maneno, na Mganda aliyezoea, akisikia vibao vikilia, husikia maneno ingawa hakuna anayeimba. Nyimbo hizo zasimulia vita, vifo vya wakuu, na mashauri ya barazani. Mpigaji aliyezijua alikuwa pia mtunza historia.

KATIKA NYUMBA YA MAKUMBUSHO

Mwaka 1937 alifika Uganda Dakta Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin, mtu aliyesoma elimu ya muziki. Alifanya kazi katika elimu ya misheni, kisha mwaka 1948 akawa mkuu wa Makumbusho ya Uganda. Makumbusho hayo yalikuwa yameanza mwaka 1908 katika ngome ya Kampala ya Kale, na mwaka 1954 yalifunguliwa katika nyumba mpya iliyoko Kitante, karibu na barabara ya kwenda Kira.

Dakta Wachsmann aliona jambo ambalo wakuu wengi wa makumbusho hawakuliona. Mkuki waweza kukaa ndani ya kabati la kioo na bado ukawa mkuki. Lakini marimba iliyonyamaza ndani ya kabati si marimba, ni kuni zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo alitaka vyombo vya makumbusho vipigwe, na alihitaji mtu wa kuvipiga. Mtu huyo alikuwa Evaristo Muyinda.

Basi Mzee Muyinda akawa na kazi mbili. Alikuwa mpigaji wa Kabaka, na tena alikuwa mpigaji wa makumbusho. Watoto wa shule walipokuja kwa safu, wakiongozwa na mwalimu wao, na wageni walipofika kutoka ng'ambo, yeye aliketi mbele ya vibao na kuwaonyesha. Kazi hii yaonekana kuwa ndogo. Lakini fikirini ni watoto wangapi wa Uganda, Wanyankole, Wasoga, Waacholi, Wateso na wengineo, waliosikia amadinda kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, watoto ambao wasingeweza kamwe kuingia Lubiri.

Katika miaka hiyohiyo watu wengine nao walikuwa wakihangaika ili muziki huu usipotee. Bwana Hugh Tracey alikuja na mashine zake mwaka 1950 na tena mwaka 1952, akanasa sauti za makundi ya Lubiri. Bwana Joseph Kyagambiddwa, Mganda na mtunzi wa muziki wa kanisa, aliandika kitabu juu ya muziki wa Buganda, kikapigwa chapa New York mwaka 1955. Lakini mashine hunasa wimbo mmoja jinsi ulivyopigwa siku moja, na kitabu huhitaji msomaji. Muyinda alikuwa akifanya jambo la tatu: alikuwa akifundisha mikono ya watu.

Siku zile hazikuwa za utulivu. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Sir Andrew Cohen alimkamata Kabaka Mutesa na kumpeleka Uingereza. Kwa karibu miaka miwili Lubiri ilikaa bila mwenyewe, mpaka Kabaka aliporudi tarehe 17 Oktoba 1955 na watu wakajaa barabarani kwa furaha. Hapo wapigaji wa Mengo walionja kwa mara ya kwanza habari ya kuwa watumishi wa mfalme asiyekuwako. Haikuwa mara ya mwisho.

KIJANA KUTOKA VIENNA

Mwishoni mwa mwaka 1959 kijana mmoja wa Austria alifika Kampala. Jina lake Gerhard Kubik, mzaliwa wa Vienna mwaka 1934. Kwao alikuwa akipuliza klarineti katika bendi ya jazi. Hakuja kupima wala kuandika tu kama wataalamu wengine wa siku zile. Alitaka kujifunza kupiga, na alipelekwa kwa Muyinda.

Hebu tufikiri juu ya jambo hili. Siku zile nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza. Katika shule, Mzungu alikuwa mwalimu na Mwafrika alikuwa mwanafunzi. Hapa palikuwa na Mzungu aliyeketi chini mbele ya Mwafrika, akapewa vijiti viwili, akakosea, akaanza tena. Mzee Muyinda hakumfundisha kwa kuhesabu moja mbili tatu. Alimpa sehemu ya omunazi mpaka ikakaa mikononi. Kisha mwalimu mwenyewe aliingiza mapigo yake katikati, na mwanafunzi alipotetereka, wakarudia tangu mwanzo. Baadaye walibadilishana mahali.

Katika masomo hayo Kubik aligundua jambo lililomshangaza. Alipopiga sehemu yake alijua vizuri mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Lakini alipokaa pembeni na kusikiliza, alisikia nyimbo nyingine ambazo hakuna mkono wa mtu yeyote uliozipiga. Sauti za chini zilijikusanya zikawa wimbo mmoja, na sauti za juu zilijikusanya zikawa wimbo mwingine, na hizo ndizo nyimbo alizozisikia msikilizaji. Watunzi wa Buganda walilijua jambo hili tangu zamani, wakatunga makusudi ili nyimbo hizo zizaliwe masikioni. Mwaka 1960 Kubik aliandika habari hizi katika gazeti la elimu ya muziki wa Afrika. Baada ya hapo aliendelea kukusanya makumi ya nyimbo kutoka kwa mwalimu wake, akaziandika kwa tarakimu, moja hadi tano, kwa kuwa marimba ya Kiganda ina hatua tano zinazokaribia kulingana.

Maandishi hayo yalikwenda mbali. György Ligeti, mtunzi mkubwa wa Kihungaria, aliyasoma na kupata mafunzo ndani yake. Hivyo maarifa yaliyokuwa yakilindwa na watu wachache juu ya kilima cha Mengo yaliingia katika elimu ya ulimwengu, na jina la Muyinda liliandikwa pamoja nayo kama jina la mwalimu.

WANAFUNZI WASIOONA

Huenda mtu akasema kwamba ni rahisi kumfundisha mgeni anayekusifu. Basi natoa habari nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ile ya Vienna.

Mahali paitwapo Salama palikuwa na shule ya watu wasioona, waliokuwa wakifundishwa kilimo na kazi nyingine. Mzee Muyinda aliwafundisha kupiga akadinda yenye vibao 17, ndogo kuliko ile ya Lubiri. Katika akadinda wapigaji hukaa kwa pande mbili, wakiwa wengi na karibu karibu, na mapigo ya upande mmoja huingia kati ya mapigo ya upande wa pili. Akikosea mmoja, wote huanguka. Vijana wale hawakuona vibao, hawakuona mikono ya wenzao, hawakumwona mwalimu. Walikuwa na masikio na vidole. Nao walijifunza wakapiga vizuri, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kubik alikwenda kwao akanasa muziki wao, na wataalamu husikiliza kazi ile ya Salama kama mfano mwema wa akadinda.

Watu hao hawakuwa wa nyumba za wapigaji wa Lubiri. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwarithisha. Kwa desturi ya zamani wasingepewa ujuzi huo hata chembe. Wazee wetu wa pwani husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Muyinda alitoa.

OKESTRA YA KIGANDA

Mzee Muyinda hakuwa mtu wa kushika mambo ya kale tu bila kugeuza lolote. Katika Lubiri kila kundi lilipiga peke yake: wenye filimbi mahali pao, wenye endongo mahali pao, wenye marimba mahali pao. Yeye alikusanya vyombo hivyo katika kundi moja, amadinda na filimbi, zeze na endongo na ngoma, vikapigwa pamoja kwa wakati mmoja. Kundi la namna hii likaitwa okestra ya Kiganda.

Mtu aliyezoea utaratibu wa Lubiri angeweza kuuliza kama jambo hili lilikuwa halali. Hakika lilikuwa geni, na neno la lawama lingekuwa na haki yake, kwa maana sauti ndogo ya endongo humezwa upesi na ngoma, na kila chombo hupoteza kidogo utaratibu wake wa peke yake. Akadinda ya vibao 17 nayo si ile ya Lubiri. Sipendi kumsifu mtu kupita kiasi, na yafaa tuseme wazi kwamba alichotupa Muyinda si muziki wa Mengo mzima bila kupunguzwa.

Hata hivyo yafaa tutazame pia upande wa pili. Shule haina wapigaji wa makundi sita. Shule ina wanafunzi ishirini, chumba kimoja na saa moja kwa juma. Kundi la namna ile la Muyinda laweza kukaa ndani ya chumba hicho. Ndiyo sababu likaenea, na kila mara tunapokwenda katika mashindano ya muziki ya shule na kuona amadinda, filimbi, mazeze na ngoma katika jukwaa moja, tunaona wazo lake likitembea.

SIKU YA MOTO

Sasa nafika mahali pa huzuni. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mwaka 1963 Kabaka Mutesa akawa Rais wa kwanza. Lakini ugomvi uliingia kati yake na Waziri Mkuu, Bwana Milton Obote. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali, yaliyoongozwa na Idi Amin, yalishambulia Lubiri. Kabaka aliponyoka ukutani katikati ya mvua, akafika Burundi, kisha Uingereza, na huko alifariki mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa kwa sheria.

Lubiri iliteketea, na vyombo vya muziki viliteketea pamoja nayo. Makundi yale ya wapigaji, ambayo yalikuwa yakipokezana kazi tangu wafalme wa kale, yalitawanyika. Watu walirudi vijijini, wengine wakijificha, kwa maana kujulikana kuwa mtumishi wa Kabaka kulikuwa hatari. Baba hakumfundisha tena mwana, kwa kuwa hapakuwa na kazi ya kumrithisha. Ujuzi uliokuwa mali ukawa mzigo.

Tazameni yaliyoipata entenga. Zilikuwa ngoma za mfalme peke yake, na wapigaji wake walikuwa wachache. Lubiri ilipoanguka, hazikusikika tena kwa miaka mingi sana. Wapigaji walikufa mmoja mmoja. Ilikuwa katika miaka ya 2010 ndipo James Isabirye, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alipofanya juhudi ya kuzifufua, na ilimbidi atafute wazee waliobaki, nao walikuwa wa kuhesabika, ili vijana wajifunze kabla kaburi halijafunga mlango. Ilibaki nafasi nyembamba kama uzi.

Lakini amadinda haikufa hata siku moja. Siku Lubiri ilipoungua, amadinda ilikuwako Kitante katika makumbusho. Nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa wanafunzi wa Uganda, katika vidole vya vijana wasioona wa Salama, na katika madaftari ya Vienna. Moto haukuweza kufika mahali pote hapo. Wale waliolinda ujuzi wao kwa kuufunga walikuwa waaminifu, wala siwalaumu, kwa kuwa ndiyo amri waliyopewa. Lakini ujuzi uliofungwa mahali pamoja uliungua mahali pamoja. Ule uliogawiwa ulibaki.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya mwaka 1966 Mzee Muyinda aliishi bila mfalme kwa miaka ishirini na saba. Aliona serikali ya Obote, kisha ya Amin kuanzia mwaka 1971, kisha vita na njaa na barabara zilizojaa vizuizi vya askari. Wasomi wengi walikimbia nchi. Yeye aliendelea kupiga na kufundisha. Muziki wake ulitolewa hata katika sahani za Uholanzi, ili watu wausikie kama ulivyokuwa ukipigwa kwa Kabaka.

Hatimaye, mwaka 1993, sheria ilibadilishwa na falme zikarudishwa. Tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa pili alitawazwa Kabaka huko Naggalabi, Buddo. Katika mwaka huohuo Mzee Evaristo Muyinda alifariki. Alianza kazi akiwa mtumishi wa mfalme mwenye boma na makundi ya wapigaji. Alimaliza kazi katika mwaka ambao mfalme alirudi, na mfalme huyo alikuta kwamba amadinda ya babu zake bado yalia.

MAFUNZO KWETU

Tumeona maisha ya mtu aliyefanya kazi moja, kama yule mpuliza basuni wa Ulaya, tangu ujana mpaka kufa. Hakuwa waziri wala tajiri. Lakini kazi yake ilikuwa kazi kamili, yenye elimu ngumu na nidhamu, na ulimwengu ulikuja kujifunza kwake. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kipaji cha muziki asione haya, wala mzazi asimwambie kwamba huo ni uvivu.

Kwenu ndugu zetu mliomaliza shule nina ombi. Kila mmoja wenu anajua jambo ambalo hajamfundisha mtu. Mmoja anajua kutengeneza, mwingine anajua sheria, mwingine anajua dawa za miti alizoonyeshwa na bibi yake. Msingoje mpaka mzee wa kuulizwa awe mmoja tu. Njoni shuleni, kaeni nasi hata saa moja.

Na kwetu tulio bado madarasani, amadinda ipo. Ni vibao kumi na viwili na mashina mawili ya mgomba, na mgomba haujapata kukosekana Buganda. Anayetaka kiti cha omunazi na akae. Anayetaka cha omwawuzi na akae mbele yake. Lakini nawashauri msikidharau kiti cha tatu chenye vibao viwili, maana hapo ndipo mtu hujifunza kusikiliza.